Kuwapeleka wanafunzi pangoni: ulizia popo kabla ya njia

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, mlezi wa klabu ya mazingira. Juu ya kijiji kimoja, kama kilomita saba kutoka barabarani, kuna pango ambalo kila aliyefika analisifu kwa mandhari yake. Nataka kuwapeleka wanafunzi 18 likizo ya Juni. Tuondoke saa ngapi, tubebe nini, na je, ni salama kuwaingiza ndani?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa wazo hili. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yanalitegemea.

Wapeleke, ila usiwaahidi kuingia ndani. Waahidi kufika mlangoni. Ukishawaambia vijana 18 kwamba wataingia, siku hiyo utakuwa na kundi zima linalokusukuma, na uamuzi mgumu utaufanya ukiwa umechoka, jua linawaka, na mmoja wao ameshatangulia gizani. Uamuzi huo ufanye wiki mbili kabla, ukienda mwenyewe na mtu wa kijiji, bila mwanafunzi hata mmoja. Na katika ziara hiyo ya kwanza jambo la kuangalia kuliko yote ni popo.

Sisemi hivi kwa kuwachukia popo. Nasema kwa sababu ya tulipo. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kumtoa mtu damu na kumuua, hukaa katika mwili wa popo mmoja mla matunda, anayeitwa kisayansi Rousettus aegyptiacus, ambaye hulala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Yeye mwenyewe haumwi. Binadamu anayekaa muda ndani ya makazi yake, akashika kinyesi, mkojo au mate yake, anaweza kuupata ugonjwa, na baada ya hapo mtu humwambukiza mtu. Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma yetu upande wa wilaya ya Kakonko, umepata milipuko miwili kwa muda mfupi: Bukoba mwezi Machi 2023, ambako watu sita walifariki, na Biharamulo mwezi Januari 2025. Mlipuko wa Rwanda wa mwaka 2024 ulifuatiliwa hadi kwenye machimbo walimokuwa wakilala popo hao hao. Uganda nako, mtalii kutoka Uholanzi alifariki mwaka 2008 baada ya kutembelea pango lenye popo na chatu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mtalii wa Marekani aliyekuwa ameingia pango hilo hilo miezi michache kabla yake aliugua sana akapona. Hao hawakuwa wachimba migodi. Walikwenda kutazama tu, kama mnavyotaka kwenda ninyi.

Pango lenu huenda halina virusi vyovyote, na mapango mengi hayana. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Unachoweza kujua ni kama popo wa aina hiyo wapo, na hilo halihitaji maabara. Fika jioni, kaa pembeni ya mlango, hatua kama thelathini hivi, upande ambao upepo hautoki pangoni. Giza likianza kuingia utawaona wakitoka. Popo wanaokula wadudu ni wadogo, wanapinda na kukata kona hewani. Popo mla matunda wa mapangoni ni mkubwa zaidi, uso wake umechongoka kama wa mbwa, na macho yake ni makubwa. Ukimulika kutoka mlangoni, yanaakisi mwanga. Hukaa kwa makundi yaliyobanana, mara nyingi si mbali na mlango, na huwa na kelele nyingi. Tazama na sakafu, bila kuigusa: kinyesi cha mla wadudu ni vipunje vikavu vyeusi, cha mla matunda ni tope lenye mbegu na makapi.

Ukiona macho yanayong'aa na tope la mbegu, wanafunzi wasivuke mstari wa kivuli cha mlango, na wewe pia usiingie. Ukiona popo wachache wadogo tu, bado hakuna kugusa popo, awe mzima au mfu, maana popo huweza kubeba pia virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Ukiona pango ni pana, kavu, lina hewa na halina popo kabisa, hapo ndipo tunaweza kuzungumza kuhusu kuingia.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Wenyeji wakisikia habari hii, wasije wakaamua kuwachoma moto popo au kuziba mlango. Uganda walijaribu. Katika mgodi wa Kitaka, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, popo waliuawa na kufukuzwa kwa maelfu. Baadaye popo walirudi, na mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena eneo hilo. Watafiti walipowapima popo waliorudi, walikuta kiwango cha maambukizi kimepanda zaidi ya mara mbili ya kile cha mwanzo. Ukiua wakubwa waliokwisha kujenga kinga, unafungulia nafasi popo wapya wasio nayo. Tena popo hawa ndio wanaochavusha maua ya mibuyu na kusambaza mbegu za miti ya porini. Klabu ya mazingira ikirudi na somo hilo moja tu, safari imelipa.

Popo kando, sakafu ya pango ina mambo mawili mengine. Kinyesi cha popo huotesha kuvu ambayo, ukivuta vumbi lake, inaweza kukuletea ugonjwa wa mapafu unaofanana sana na kifua kikuu, na watu huweza kutibiwa kifua kikuu wakati hawana. Ndiyo maana pango lenye vumbi la kinyesi si mahali pa kukimbizana wala kufagia pa kukaa. Kisha kuna papasi, wanaojificha kwenye vumbi na nyufa na kuuma mtu akiwa amelala. Homa yao hupanda, ikashuka, ikarudi tena baada ya siku kadhaa. Msilale pangoni, msitandike mikeka ndani, chakula mlie nje.

Sasa mwenye pango. Barua ya mkuu wa shule kwenda kwa mtendaji wa kijiji ni lazima, na mwenyekiti wa kitongoji aijue siku na idadi yenu. Kama mlima umo ndani ya msitu wa hifadhi, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na wenyeji watakuambia mpaka unapita wapi. Lakini karatasi hizo hazitoshi. Mapango ya huku Buha, nchi ya Waha, huweza kuwa mahali pa tambiko, na katika mila ya Waha wapo wateko, wenye jukumu la ardhi na mizimu yake. Omba ukutanishwe na mzee anayehusika. Nenda kwake mwenyewe, siku ya ile ziara ya kwanza, ukae, umweleze unaleta watoto na kwa nini. Anaweza kukuambia mvue viatu mlangoni, au msifike siku fulani, au mwishie kwenye mti fulani. Lolote atakalosema, lishike hivyo hivyo na uwaeleze wanafunzi kabla ya kuondoka shuleni, siyo mkiwa mmeshafika. Na umwombe yeye, au mtu atakayemteua, awasimulie vijana habari za pango lile. Nimekuwa nikiongoza watu kwenye milima hii kwa muda mrefu, na ninavyoona, nusu saa ya mzee wa mahali hapo inawakaa vijana kichwani kuliko saa mbili za gizani.

Mkikuta vigae vya vyungu, mawe yaliyochongwa au michoro ukutani, piga picha muache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kigae kikishahamishwa kutoka kwenye udongo wake hakimwambii mtafiti lolote tena.

Tukija kwenye njia, mwezi Juni umechagua vizuri. Mvua zimekwisha, majani bado hayajakauka kabisa, moto wa porini haujashika kasi. Mkisubiri Agosti au Septemba mtatembea kwenye nyasi kavu huku watu wakichoma mashamba na mapori, na moshi utakuwa umeziba ile mandhari mnayoifuata. Siku za mwanzo wa kiangazi hewa ni safi, na kutoka kwenye milima mirefu unaona mbali.

Saa ya kuondoka inahitaji hesabu. Watu wa Dar es Salaam wakija huku hushangaa jua letu: sisi tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa yetu ni ile ile moja. Juni na Julai kwetu jua linachomoza baada ya saa moja asubuhi, linafika utosini saa saba mchana, na kuzama kama saa moja jioni. Kwa hiyo joto letu kali ni saa saba hadi saa kumi, na asubuhi ya saa kumi na mbili bado ni giza. Kanuni ya zamani ya wapanda milima wa Uskoti inahesabu saa moja kwa kila kilomita tano, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita zako saba, tuseme na mlima wa mita 300, zinakuwa karibu saa mbili kwa mtu mzima mkakamavu. Kundi la wanafunzi 18 kwenye njia ya mguu hutembea kwa mwendo wa yule aliye wa mwisho, na linasimama kila kiatu kinapofunguka. Weka saa tatu. Muwe barabarani tayari kabla jua halijatoka, mwanze kutembea saa moja kamili kukiwa kumepambazuka, mfike saa nne. Saa tano na nusu mnageuka, popote mlipo, hata kama mlango wa pango mnauona mbele yenu. Mtafika barabarani kama saa nane, na mtakuwa na karibu saa tano za mwanga mkononi kwa ajili ya mguu ulioteguka au njia iliyopotea. Giza la kwetu likianza kuingia halichelewi.

Nje ya pango, kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyuki. Kigoma na Tabora ni nchi ya asali, mizinga ya magome iko mitini, na nyufa za miamba juu ya milango ya mapango ni nyumba wanayoipenda. Mwongozaji wako bora ni mrina asali wa kijiji hicho, kwa kuwa anajua makundi yako wapi. Wakataze wanafunzi manukato siku hiyo, wakataze kurusha mawe pangoni ili kusikia mwangwi, na kelele zipungue mnapokaribia mwamba. Nyuki hutoa onyo: wa kwanza hukugonga kichwani bila kuuma. Hao ni walinzi, na hapo kundi lote linarudi nyuma kimya kimya. Akishauma mmoja, huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Kuanzia hapo ni kukimbia, shati juu ya uso, bila kupunga mikono, mita mia kadhaa bila kusimama, kurudi njia mliyojia. Kujitumbukiza mtoni hakusaidii, watakusubiri juu ya maji. Mkishakuwa mbali, toeni miiba haraka kwa njia yoyote, hata kwa kucha. Kasi ndiyo muhimu. Mtoto anayevimba midomo au kukosa pumzi asisubiriwe hata dakika moja, apelekwe hospitali.

Mavazi. Najua utataka wavae sare ili wajulikane. Kama njia inapita kwenye miyombo yenye mbung'o, sketi na suruali za bluu iliyokolea ni kosa, kwa sababu mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Malale bado ni ugonjwa wa mapori ya magharibi. Wavae kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, suruali ndefu hata kwa wasichana, soksi ndefu na raba zenye meno. Yeboyebo na kandambili zibaki nyumbani. Suruali ndefu itawakinga pia na upupu, ambao kiangazi maganda yake hukauka na vinyweleo kupeperuka. Aliyeguswa asijikune. Mbandike selotepu juu ya ngozi na kuibandua mara kadhaa ili vinyweleo vitoke, ndipo aoshwe kwa maji na sabuni.

Nyoka wapo, na kifutu ndiye wa kuangaliwa, maana hakimbii. Hulala katikati ya njia akijiamini kwa rangi yake. Mrina asali atangulie na fimbo, mtu asitie mkono kwenye ufa asiouona ndani. Akiumwa mtu: alazwe, kiungo kisitikiswe, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe, abebwe. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza wala jiwe jeusi. Kwa hiyo, katika ile ziara ya kwanza, ujue kabisa ni hospitali gani iliyo karibu na yenye dawa ya sumu ya nyoka, na pikipiki itafika hadi wapi kwenye ile njia.

Maji, lita tatu kwa kila mtu. Ya kijito yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kabla ya safari, wazazi waandike kama mtoto ana pumu, kifafa, mzio wa nyuki au selimundu. Mwenye selimundu usimwache nyumbani kwa hilo tu, lakini apate ushauri wa daktari wake kwanza, anywe maji mara kwa mara, na mwendo wa kundi uwe wake. Walimu wawe watatu: mmoja mbele na mrina asali, mmoja katikati, mmoja wa mwisho ambaye hapitwi na mtu. Shuleni abaki mtu mwenye orodha ya majina na saa ya mwisho ya kumpigia simu. Saa kumi ikipita kimya, anaanza kutafuta. Kwa kuwa mko wilaya ya mpakani, nendeni na vitambulisho na nakala ya barua. Kundi la wageni milimani upande wa Burundi lazima liulizwe, na ni haki liulizwe.

Kama ziara yako ya kwanza imekuridhisha kuwa pango ni safi na mzee ameruhusu, ingieni kwa makundi ya wanne au watano, kila kundi na mwalimu, kila mtu na kofia ngumu ya ujenzi na tochi ya kichwani, na tochi mbili za akiba. Simu isihesabiwe kuwa tochi. Mwisho wenu ni pale ambapo mwanga wa mlangoni haufiki tena. Kama mwamba ni wa mchanga uliogandamana, kama mingi ya huku, hatari iko juu: tazama vibamba vilivyopasuka, na kama sakafuni kuna mawe yenye kingo kali zisizo na vumbi, yameanguka karibuni, msikae chini yake. Kama ni chokaa, hatari iko chini, kwa sababu maji yameula mwamba kutoka ndani na kuacha mashimo ya wima.

Utajuaje ni upi? Hapa ndipo mlangoni penyewe panapokuwa darasa. Chukua kichupa cha asidi hafifu ya haidrokloriki kutoka maabara ya shule, dondosha tone kwenye kokoto iliyokwisha kuanguka. Ikitoa mapovu papo hapo, ni chokaa. Ikikaa kimya, kwangua unga kidogo udondoshe tena, maana wilayani Kasulu kuna dolomiti, ambayo hutoa mapovu ikiwa unga tu. Mapovu yasipotoka kabisa, si chokaa wala dolomiti, na huenda ni mwamba wa mchanga. Kisha wapange vijana kutoka kwenye jua hadi ukingo wa kivuli, kila mmoja achore mimea iliyo miguuni pake. Wataona majani mapana yakipungua, kangaga na kuvumwani vikishika nafasi, halafu utando wa kijani tu juu ya jiwe, halafu hakuna kitu. Kipimajoto kimoja juani na kingine kivulini vitawapa la kuandika. Hayo yote yanafanyika bila mtu kukanyaga kinyesi cha popo.

Mkirudi, viatu vipigwe brashi kwa maji na sabuni nje ya nyumba, nguo zifuliwe, mikono kabla ya chakula. Tarehe ya safari iandikwe kwenye daftari na wazazi waijue, kwani dalili za Marburg huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Mtoto akipata homa ndani ya siku hizo, mara nyingi itakuwa malaria na kipimo cha haraka kitaonyesha. Lakini mzazi amwambie daktari kabla ya lolote: mwanangu alikwenda pangoni tarehe hii. Malaria ikikosekana, daktari aangalie na homa ya papasi kwenye damu. Na kama mtoto aliingia ndani au aligusa popo, na homa imekuja na kutapika au kutoka damu, msimpakie kwenye daladala. Abaki sehemu moja, mpige simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, na msubiri maelekezo yao.